Chenin Blanc: Zabibu Iliyoikubali Dodoma na Kuikataa Tukuyu

Mwaka juzi mjomba wangu wa Katumba, kilomita chache tu kutoka Tukuyu mjini, alinipigia simu akiwa na swali moja. "Mjomba, wewe si uko Dodoma huko unasomea mambo ya mimea? Hebu niambie, ning'oe kahawa nipande zabibu, au nising'oe?"

Hakuwa anatania. Ana robo ekari ya kahawa, na alikuwa amesikia kwamba Dodoma wenzake wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Ushahidi pia alikuwa nao, na aliyempa ni mimi. Miaka michache kabla ya hapo nilimpelekea pingili tatu za mzabibu mweupe, nimezifunga kwenye gazeti lililoloweshwa, nikapanda nazo basi kutoka Dodoma kupitia Mtera, Iringa na Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 600. Zote tatu zilishika. Moja ilipanda juu ya banda la kuku, ikalifunika, kisha ikaanza kuutafuta mparachichi wa jirani. Mmea unaostawi namna hii, akasema mjomba, utashindwaje kumpa mtu hela?

Siku ile sikuwa na jibu. Niliona aibu kidogo, maana ndilo jambo ninalosomea. Makala hii ndiyo jibu nililomwandalia baadaye. Limepita Ufaransa na Afrika Kusini kabla ya kurudi Katumba, lakini naahidi kwamba tutarudi.

Neno lilifika kabla ya tunda

Kwa mtoto wa Rungwe, mzabibu ni mmea wa kwenye Biblia. Wamoravian walifungua misheni yao Rungwe mwaka 1891, na kwa zaidi ya karne moja watu wa huku wamesikia mahubiri ya mzabibu na matawi yake bila kuwa na mzabibu wa kuutazama. Mimi nilikutana nao kwanza kwenye kikombe kidogo cha Meza ya Bwana. Shuleni ukimuuliza mtoto mzabibu unafananaje, atakuchorea kitu kinachofanana na mpesheni.

Kumbe hata lugha yetu ilipita njia hiyohiyo. Neno *zabibu* limetoka kwenye Kiarabu, na huko *zabib* ni tunda lililokaushwa. Bichi lina jina lingine kabisa, *inab*. Hii inatuambia kitu. Watu wa pwani walilijua tunda hili likiwa limekauka, limesafiri majahazini pamoja na tende, ndiyo maana jina la tunda kavu likabaki kuwa jina la tunda zima. *Mvinyo* ni neno la Wareno, *vinho*, la enzi zao za kutawala pwani. *Divai* ni Kifaransa, *du vin*, na haishangazi kwamba ndilo neno lililozoeleka zaidi makanisani. Tuna maneno matatu kutoka kwa wageni watatu, na yote yalifika kabla Mtanzania wa bara hajaushika mzabibu wenyewe kwa mkono.

Mmea mmoja, miaka mia tano

Zile pingili nilizompelekea mjomba zilikuwa za aina iitwayo Chenin Blanc. Tamka "Shenan Blan", nusu ya pili ukiitoa puani, na hakuna Mfaransa atakayekulaumu. Kwao ni bonde la mto Loire, magharibi ya Ufaransa, kwenye majimbo ya zamani ya Anjou na Touraine. Mwandishi François Rabelais, aliyekuwa mwenyeji wa maeneo hayo, aliitaja katika karne ya 16. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba mzazi wake mmoja ni Savagnin, aina ya kale ya zabibu nyeupe ambayo ina watoto wengi sana Ulaya.

Sasa hapa kuna jambo ambalo mtu wa Rungwe atalielewa haraka kuliko mtu wa mjini. Mzabibu wa kilimo haupandwi kwa mbegu. Ukipanda mbegu ya Chenin hupati Chenin, unapata mtoto wake, na mtoto hafanani sana na mzazi. Ukitaka Chenin lazima ukate kipande cha shina, kama tunavyofanya kwa muhogo, au kama tunavyohamisha chipukizi la mgomba kutoka shamba la baba kwenda shamba la mwana. Mgomba ulioko nyuma ya nyumba yenu ni mwendelezo wa mgomba wa babu. Vivyo hivyo kila shina la Chenin duniani, liwe Loire, Dodoma au juu ya banda la kuku Katumba, ni mwendelezo wa mmea mmoja ulioota Ufaransa miaka mia tano au zaidi iliyopita. Yapo mabadiliko madogo madogo ya vinasaba yaliyojikusanya njiani, lakini kimsingi mmea ni uleule, umesafiri vipande vipande.

Zabibu iliyosahau jina lake

Safari iliyokuwa na maana zaidi kwetu ilikwenda Rasi ya Tumaini Jema. Waholanzi chini ya Jan van Riebeeck walifika huko mwaka 1652, wakapanda mizabibu mwaka 1655, na tarehe 2 Februari 1659 van Riebeeck akaandika kwenye shajara yake kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza, divai imekamuliwa kutoka zabibu za Rasi. Chenin ilikuwa miongoni mwa aina zilizofika huko mwanzoni mwanzoni.

Ilikubali, ikaenea, na halafu ikapoteza jina. Wakulima waliita tu *Steen*. Waliikamua divai ya kawaida, waliichemsha na kuikusanya mvuke kupata brandi, waliiuza kwa wingi na kwa bei ya chini. Ilikuwa zabibu ya kazi, punda wa shamba. Hadi miaka ya 1960 ndipo Profesa C. J. Orffer wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alipolinganisha majani na kuonyesha kwamba Steen na Chenin Blanc ya Loire ni kitu kimoja. Leo Afrika Kusini ndiyo nchi yenye mashamba mengi zaidi ya Chenin duniani, kuzidi hata Ufaransa. Baadhi ya mashina ya zamani yaliyokuwa yakidharauliwa sasa yanatafutwa kama lulu, maana yanatoa divai nzuri sana.

Shika hilo la jina. Mizabibu ilikuwa ileile kabla na baada ya Orffer. Kilichobadilika ni kwamba mkulima alijua ana nini mkononi, na mnunuzi akajua pia.

Siri iko kwenye uchachu

Kwa nini hii na si nyingine? Wataalamu wa mvinyo huiita Chenin zabibu ya kazi zote. Katika eneo moja dogo la Vouvray, pale Loire, zabibu hii peke yake hutoa divai kavu isiyo na sukari, divai tamu kiasi, divai tamu kama asali na divai yenye mapovu. Mwaka ukiwa wa baridi wanakamua ya mapovu. Mwaka ukiwa wa jua wanaiacha shambani iive mpaka iwe tamu kabisa. Ongeza brandi ya Afrika Kusini na unaona kwa nini sifa hiyo imeiganda.

Maelezo yake ni ya kikemia, na si magumu. Zabibu inapoiva mambo mawili yanatokea kwa pamoja: sukari inapanda na uchachu unashuka. Uchachu huo unatokana zaidi na asidi mbili. Ya kwanza ni tatariki, ileile iliyojaa kwenye ukwaju. Ya pili ni maliki, ile ya tufaha bichi. Tatariki ni ngumu, haipotei kwa urahisi. Maliki ndiyo dhaifu: tunda linapumua, na katika kupumua linaichoma kama kuni, na joto likizidi moto unaongezeka. Ndiyo maana zabibu nyingi zikipelekwa kwenye nchi ya joto huwa na sukari nyingi lakini uchachu umeisha. Divai yake inakuwa nzito na haina uhai, kama juisi ya embe ambayo mtu amesahau kuikamulia ndimu.

Chenin inaanza na uchachu mwingi, na hauachii upesi. Hata kwenye joto, siku ya kuvuna bado una kitu cha kuusawazisha ule utamu. Jambo la pili ni kwamba harufu yake ya asili si kali, kwa hiyo inachukua sura ya namna ulivyoivuna na ulivyoitengeneza. Ukiivuna mapema unapata divai moja, ukichelewa unapata nyingine. Huko ndiko kubadilika kwake. Na ndiyo sababu ukitafuta mahali pa joto panapotengeneza divai nyeupe utaikuta: bonde la São Francisco kaskazini mashariki ya Brazil, jimbo la Maharashtra nchini India, na Dodoma.

Dodoma: ukame uliogeuzwa kuwa bomba

Mizabibu ya Dodoma ina historia ya kanisa pia. Wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu kwenye misheni ya Bihawana kwa ajili ya divai ya misa. Baadaye kilimo kikatoka nje ya ukuta wa misheni, kikaingia mashamba ya wananchi, serikali ikaanzisha kiwanda chake cha DOWICO ambacho hakikudumu, na kituo cha utafiti kikajengwa Makutupora, ambacho leo kiko chini ya TARI. Jina la Makutupora limebaki pia kwenye zabibu nyekundu maarufu ya Dodoma. Kwa upande wa nyeupe, malkia ni Chenin. Ukipita Hombolo, Mpunguzi, Mbabala au kwenye mashamba ya pamoja ya Chinangali kule Chamwino, utaikuta.

Ukimwambia mtu wa Tukuyu kwamba Dodoma ndiko zao la thamani linakostawi atacheka. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 na kidogo kwa mwaka, yote ikinyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na baada ya hapo ni vumbi. Lakini mzabibu unahitaji kulala. Ufaransa unalazwa na baridi: majani yanapukutika, macho yanatulia, na majira ya kuchipua yakifika yanafunguka kwa pamoja. Kwenye nchi za joto hakuna baridi ya namna hiyo. Mzabibu ukiachwa utaendelea kukua tu, macho ya nchani yakifunguka huku ya chini yamelala, na matunda yataiva moja leo na lingine mwezi ujao.

Mkulima wa Dodoma ana vitu viwili mahali pa baridi: kiangazi na mkasi. Kiangazi kinaupunguza mmea kasi. Mkasi unaupogoa, na kupogoa ndiko kunakoyaamsha macho yaliyobaki yachipue karibu kwa wakati mmoja. Kama miezi minne baadaye anavuna. Anapogoa tena, anavuna tena. Hapo ndipo zinapotoka zile mbili kwa mwaka: moja takriban Februari na Machi, nyingine takriban Agosti na Septemba, hii ya pili ikitegemea maji ya kisima. Kwa maneno mengine, Dodoma mkulima ndiye anayelishika bomba. Anaamua lini mmea unywe na lini uone kiu. Ukame ambao watu wameuhesabu kama laana ndio unaompa uwezo huo. Tena mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai una ubaridi unaosaidia kuilinda ile maliki isiungue yote.

Kwa nini Tukuyu ilikataa

Sasa turudi Katumba. Tukuyu iko juu zaidi, karibu mita 1,500 na ushee, na Mlima Rungwe wenye mita 2,960 unasimama kaskazini ukiyakamata mawingu yanayopanda kutoka Ziwa Nyasa. Mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Huko Anjou, nyumbani kwa Chenin, ni kama 600 hadi 700. Kwa hiyo, ajabu ya mambo, kwa hesabu ya mvua Dodoma ni jirani ya Ufaransa kuliko ilivyo jirani ya Tukuyu.

Hapa bomba linashikwa na Mungu, na halifungwi. Kiangazi chetu ni kifupi na hata ndani yake kuna ukungu na manyunyu. Mmea wenye maji na mbolea ya volkano muda wote hauoni sababu ya kuzaa; unaona sababu ya kukua. Ndicho alichokiona mjomba juu ya banda la kuku. Yale majani mengi hayakuwa dalili ya afya ya zao. Yalikuwa dalili kwamba mmea umekula shibe na hauna habari na matunda.

Na yale machache yaliyotoka? Alihesabu vichala kumi na kimoja. Majani yaliyokaa na umande hadi saa nne asubuhi yakashikwa na ubwiri vinyoya, ugonjwa unaopenda unyevu kuliko kitu chochote. Vichala vya Chenin navyo vimebanana sana, punje kwa punje, hewa haipiti katikati. Mvua ikaja wakati wa kuiva, punje zikanywa maji, zikapasuka, na ukungu wa kijivu ukamaliza kazi. Huko Loire ukungu huohuo, wakiupata na asubuhi ya umande ikifuatwa na mchana mkavu, unakausha punje taratibu na kuwapa divai tamu ya bei kubwa. Sisi tuna asubuhi ya umande. Ule mchana mkavu ndio hatuna.

Kwa hiyo neno "ya kazi zote" lina mpaka wake. Chenin inaweza kuwa divai za aina nyingi, lakini haiwezi kuota popote. Kubadilika kwake kunaanza baada ya tunda kuiva likiwa zima, na hilo linaamuliwa na mahali, si na jina la mmea wala bidii ya mjomba.

Jibu la mjomba

Kulikuwa na sehemu moja zaidi ya jibu, na sikuitoa kwenye kitabu. Niliipata nikizunguka vijijini Dodoma msimu wa mavuno. Zabibu haingoji. Ikishakatwa kwenye jua lile, saa zinahesabika kabla haijaanza kuharibika. Mnunuzi akichelewa au akishusha bei, mkulima hana pa kujificha. Wenye uwezo kidogo wanakamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda, angalau mchuzi unaweza kukaa kwenye tanki. Wasio na tanki wanauza kwa bei watakayoambiwa, au wanatazama mali ikioza. Kilio cha soko la zabibu Dodoma si kigeni kwa mtu yeyote anayefuatilia habari. Na wengi wanauza "nyeupe" tu, kwa kilo, bila jina, kama wale wa Rasi walivyouza Steen.

Nilimweleza mjomba yote haya tukiwa tumekaa nje kwake, mzabibu ukiwa juu yetu. Nikamwambia kahawa yake ina kitu ambacho zabibu haina: akishaimenya, akaiosha na kuikausha vizuri, inaweza kukaa ghalani ikasubiri bei. Mkulima ambaye zao lake linaweza kusubiri ana sauti kidogo mbele ya mnunuzi. Kung'oa zao linalosubiri ili kupanda zao lisilosubiri, tena mahali ambapo haliivi, ni kujitia kitanzi.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo huko Dodoma hawana mvua, wakaangalia ni mmea gani unafurahia kutokuwa na mvua?"

Nikamwambia ndiyo, kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyotokea, ingawa ilichukua miaka mingi na kituo cha utafiti.

"Basi na sisi mmea wetu wa kazi zote si tunao," akasema, akaonyesha migomba kwa kidevu. Na kweli: ndizi tunachemsha, tunachoma, tunaivisha, tunapika pombe; jani tunafungia vitu, shina tunamkatia ng'ombe. Kama Mfaransa angezaliwa Rungwe, nadhani angeandika vitabu kuhusu mgomba na kutaja kila aina kwa jina na kijiji chake. Sisi tunaoishi nao tunasema tu "ndizi", tunazipakia kwenye lori, na bei anaitaja mwenye lori. Hilo ndilo ningependa tulichukue kutoka kwenye historia ya Chenin, kuliko pingili zake.

Kahawa bado ipo. Mzabibu pia upo, mjomba amekataa kuukata. Anasema kuku wanapenda kivuli chake.